Pembetatu Iliyochorwa Baadaye

Kati ya Machi 1993 na Julai 1998 wanawake sita walitoweka katika mkoa wa Leinster, mashariki mwa Jamhuri ya Ayalandi, na hadi leo hakuna hata mmoja wao aliyepatikana, awe hai au maiti, wala hakuna mtu aliyepata kufikishwa mahakamani kujibu shitaka la kuwaua. Magazeti ya nchi hiyo yaliyachukua matukio hayo, yakayazungushia mistari mitatu juu ya ramani, yakaliita eneo hilo Pembetatu ya Kutoweka. Jina likashika, likaandikiwa kitabu na kutengenezewa tamthilia ya televisheni, kiasi kwamba sasa ni vigumu kumtaja mmoja wa wanawake hao bila wenzake watano kutajwa papo hapo. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba pembetatu hiyo ni nadharia iliyovishwa joho la ushahidi, na kwamba kwa miaka mingi imewafanya polisi, waandishi na umma wamtafute mtu mmoja wa kubebeshwa matukio sita, ilhali majalada yenyewe, yakisomwa moja moja, yanaelekeza kwenye milango tofauti.

Wa kwanza katika orodha ni Annie McCarrick, Mmarekani mwenye umri wa miaka 26 aliyekuwa akiishi Sandymount, kitongoji cha jiji la Dublin, ambaye alitoweka tarehe 26 Machi 1993. Akafuata Jo Jo Dullard, msichana wa miaka 21, usiku wa tarehe 9 Novemba 1995 katika kijiji cha Moone, kaunti ya Kildare, kisha Fiona Pender, mwenye miaka 25 na mimba ya miezi saba, aliyetoweka mjini Tullamore mnamo Agosti 1996. Februari 1997 alitoweka Ciara Breen, binti wa miaka 17, huko Dundalk karibu na mpaka wa Ayalandi ya Kaskazini. Februari 1998 akatoweka Fiona Sinnott, mama wa miaka 19 mwenye mtoto ambaye hakuwa ametimiza mwaka, katika kaunti ya Wexford iliyo kwenye pembe ya kusini-mashariki. Na tarehe 28 Julai mwaka huohuo ikawa zamu ya Deirdre Jacob, mwanafunzi wa ualimu mwenye miaka 18, mjini Newbridge. Wapo waandishi wanaoongeza majina mengine, kama vile la Eva Brennan aliyetoweka Dublin mwaka 1993 na la Imelda Keenan aliyetoweka Waterford mwanzoni mwa 1994, ingawa Waterford haumo kabisa katika mkoa wa Leinster. Orodha ambayo mipaka yake husogezwa kila inapopata jina jipya inapaswa kumtia msomaji shaka tangu mwanzo.

Garda Síochána, yaani jeshi la polisi la Ayalandi, lilikuwa na desturi ya kuuacha upelelezi mikononi mwa kituo cha mahali tukio lilipotokea, hivyo kila jalada lilikaa katika kabati lake bila kukutana na mengine. Mwaka 1998, miezi michache baada ya Jacob kutoweka, jeshi hilo liliunda kikosi maalumu kilichoitwa Operesheni Trace, kikapewa kazi ya kuyakusanya majalada hayo sita, kuingiza katika kompyuta taarifa za watu waliojulikana kwa makosa ya kingono, na kutafuta jina, gari au anwani ambayo ingejitokeza katika zaidi ya jalada moja. Kazi ya aina hii wataalamu wa jinai huiita uhusianishaji wa kesi, maana yake ni kupima kama matukio yanayoonekana kuwa mbalimbali yana mtendaji mmoja. Wazo lenyewe lilikuwa jema na lilikuwa limechelewa, kwa sababu mhalifu mwenye gari huvuka mpaka wa kaunti kwa dakika chache, wakati barua kutoka kituo kimoja cha polisi kwenda kingine ilichukua siku kadhaa. Hata hivyo Trace haikupata uthibitisho kwamba kesi hata mbili kati ya hizo sita zilimhusu mtu mmoja.

Matokeo hayo yamefasiriwa kwa namna mbili zinazopingana. Wanaoamini kuwepo kwa muuaji mmoja husema kwamba alikuwa mjanja mno kuacha alama, na wanaoipinga imani hiyo husema kwamba uhusiano haukuonekana kwa sababu haukuwepo. Tafsiri zote mbili zinapita juu ya tatizo la msingi la mbinu yenyewe. Uhusianishaji wa kesi hutegemea mambo yanayoweza kulinganishwa: eneo la tukio, jeraha, fundo la kamba, aina ya silaha, namna mwili ulivyofichwa, chembechembe za vinasaba. Katika kesi ambazo hakuna mwili wala eneo la tukio lililothibitishwa, kinachobaki kulinganishwa ni umri wa aliyetoweka, jinsia yake na mahali alipoonekana mara ya mwisho, mambo ambayo yanamweleza mwathiriwa na hayasemi lolote kuhusu mtendaji. Kompyuta ya Trace, kwa maneno mengine, ilikuwa inalinganisha nafasi tupu sita, na nafasi tupu siku zote hufanana.

Nadharia ya muuaji wa mfululizo, yaani mtu anayeua watu kadhaa kwa nyakati tofauti akiwa na kipindi cha utulivu kati ya tukio moja na jingine, haikuzuka hewani, na haki inataka ielezwe kwa nguvu zake zote kabla ya kupimwa. Mnamo Februari 2000 seremala mmoja kutoka Baltinglass, mji mdogo wa kaunti ya Wicklow, alimteka mwanamke aliyekuwa akielekea kwenye gari lake katika mji wa Carlow, akamfungia katika buti la gari lake mwenyewe, akambaka, akampeleka hadi msituni kwenye milima ya Wicklow na huko akajaribu kumuua. Wawindaji wawili waliokuwa wakipita usiku ule waliwakuta, mwanamke akaokoka, na kwa kuwa walimtambua mwanamume huyo kwa sura, alikamatwa muda mfupi baadaye. Mwaka 2001 alihukumiwa kifungo cha miaka 15, akaachiliwa Agosti 2010. Maelezo ya mwanamke aliyenusurika yalionyesha mtu aliyetenda kwa utulivu na aliyeijua njia ya kwenda mahali pa faragha, na wapelelezi wengi hawakuweza kuamini kwamba lile lilikuwa jaribio lake la kwanza. Baltinglass iko mwendo mfupi wa gari kutoka Moone, na si mbali na Newbridge.

Kutokana na hapo ikajengwa hoja inayorudiwa mpaka leo: kwamba tangu mtu huyo atiwe mbaroni, wanawake waliacha kutoweka. Hoja hiyo ina mvuto, na ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba inachukulia mfuatano wa matukio kuwa ndio sababu yake, ilhali miaka ileile ya kuelekea 2000 ndiyo miaka ambayo simu za mkononi ziliingia kwa kasi nchini humo, uchumi ukakua, familia nyingi zaidi zikanunua magari, na desturi ya vijana kusimama barabarani usiku kuomba lifti ikaanza kufa. Ya pili ni kwamba mfululizo huo ulikuwa umekwisha kukatika kabla ya kukamatwa kwake, kwa kuwa kati ya kutoweka kwa Jacob na tukio la Carlow kulipita miezi kumi na minane au zaidi bila jina jipya kuingia katika orodha. Jalada la Jacob lilipelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka likimhusu mwanamume huyo, na mwaka 2022 ikaamuliwa kwamba hatashitakiwa. Kwa mujibu wa sheria, basi, huyo ni mtu aliyehukumiwa kwa jinai moja ya kutisha na hajathibitishwa kuhusika na nyingine yoyote, na mwandishi yeyote makini hana budi kuishia hapo.

Ramani nayo inahitaji kutazamwa kwa makini zaidi kuliko ilivyozoeleka. Dundalk uko ukingoni kabisa mwa Leinster upande wa kaskazini, kijiji cha Broadway, alikoonekana Sinnott mara ya mwisho katika kaunti ya Wexford, kiko karibu na bahari upande wa kusini, na Tullamore uko katikati ya nchi. Ukiunganisha sehemu hizo pamoja na Dublin, unapata karibu mkoa mzima. Katika sensa ya mwaka 1996 Jamhuri ya Ayalandi ilikuwa na watu wapatao milioni 3.6, na zaidi ya nusu yao waliishi Leinster. Kusema kwamba wanawake hao walitoweka ndani ya pembetatu ni sawa na mfugaji anayewaacha mbuzi walale popote wanapotaka, asubuhi akajenga zizi kuwazunguka, kisha akawaambia wageni kwamba mbuzi wake wote hulala zizini. Umbo halikutangulia matukio, na ndiyo maana halina uwezo wa kuyaeleza. Mtu akitaka kuonyesha kwamba eneo fulani ni la hatari isiyo ya kawaida, anapaswa kwanza kujua ni matukio mangapi yangetarajiwa katika eneo lenye idadi hiyo ya watu hata kama hakuna mtendaji mmoja, kipimo ambacho watakwimu hukiita kiwango cha msingi, na kipimo hicho hakijawahi kutangulizwa na wale walioieneza pembetatu.

Kuna uteuzi mwingine uliojificha zaidi. Orodha imetengenezwa na wanawake ambao hawakupatikana, kwa hiyo mwanamke ambaye mwili wake uligunduliwa huondolewa, hata kama mazingira ya kutoweka kwake yanafanana na ya wengine. Mwanamke aliyetoweka Dublin mwaka 1987 alikutwa amezikwa milimani kusini mwa jiji mwaka uliofuata. Mwingine aliyetoweka mwaka 1991 alikutwa katika milima hiyohiyo mwaka 1992. Na mwingine tena aliyetoweka Portlaoise mwishoni mwa 1993 alikutwa katika kinamasi cha kaunti ya Laois katikati ya 1994. Hao wote ni wa eneo hilohilo na takriban kipindi hichohicho. Iwapo muuaji wa Leinster ni mmoja, hakuna sababu ya kuwaacha nje. Na iwapo wanaachwa nje kwa sababu tu walipatikana, basi kinachoiunganisha orodha ni bahati ya mpelelezi kukosa kaburi.

Kisa cha Phyllis Murphy kinatoa funzo ambalo mjadala wa pembetatu hulikwepa. Alikuwa na miaka 23 alipotoweka Newbridge, mji uleule wa Jacob, siku chache kabla ya Krismasi ya 1979, na mwili wake ulikutwa Wicklow Gap mwezi uliofuata. Wanaume kadhaa wa sehemu ile walitoa sampuli za damu wakati huo, na ingawa sayansi ya siku zile haikuweza kuzitumia ipasavyo, polisi mmoja alizitunza badala ya kuzitupa. Karibu miaka ishirini baadaye vipimo vya vinasaba vilimwonyesha mmoja wa wanaume wale wale waliotoa damu, naye akapatikana na hatia mwaka 2002. Mtendaji alikuwa mkazi wa hapo, jina lake lilikuwa ndani ya jalada tangu wiki za mwanzo, na kilichokosekana ilikuwa njia ya kulithibitisha.

Majalada sita yanaposomwa kwa mwanga huo hupoteza sura ya undugu. Ciara Breen aliondoka nyumbani kwao usiku kupitia dirisha aliloliacha bila kufungwa sawasawa, ishara ya mtu aliyekusudia kurudi kabla mama yake hajaamka. Alikuwa anakwenda kukutana na mtu anayemjua, na mshukiwa mkuu katika kesi hiyo, mwanamume wa Dundalk aliyekamatwa na kuhojiwa zaidi ya mara moja, alifariki mwaka 2017 bila kushitakiwa. Fiona Sinnott alionekana mara ya mwisho akitoka kwenye baa ya kijijini usiku, siku kadhaa zikapita kabla ya polisi kuarifiwa, na walipoingia katika nyumba aliyokuwa akiishi hawakukuta vitu vyake. Mgeni anayevizia barabarani hana haja ya kurudi kusafisha nyumba. Fiona Pender alitoweka akiwa na ujauzito mkubwa kutoka katika makazi yake mjini, na mimba, kama wanavyojua watafiti wa ukatili wa majumbani, ni kipindi ambacho hatari inayotoka kwa watu wa karibu huongezeka. Kwa watatu hawa, nadharia ya muuaji anayezunguka Leinster haielezi kitu chochote ambacho maelezo ya kawaida zaidi yanashindwa kukieleza.

Kesi ya McCarrick inahitaji kukaliwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyoifanya milima ya Wicklow kuwa kilele cha pembetatu. Asubuhi ya siku ile alifanya mambo ya kawaida kabisa: alikwenda benki, akanunua vyakula katika duka la karibu, na mifuko ya vyakula hivyo ilikutwa baadaye nyumbani ikiwa haijafunguliwa ikapangwa. Kuanzia hapo kila kitu kinategemea macho ya watu. Mtu aliyemfahamu alisema alimwona akipanda basi namba 44 linalokwenda Enniskerry, kijiji kilicho chini ya milima. Na mlinzi wa mlango wa baa maarufu ya Johnnie Fox's, iliyoko Glencullen, alisema alimwona jioni ile akiwa na mwanamume kijana. Kwa msingi wa kauli hizo upelelezi ukapanda mlimani, na magazeti yakapanda nao. Lakini tangu Enniskerry hadi Glencullen ni kilomita kadhaa za barabara ya mlimani, kauli ya baa ilitegemea kumbukumbu ya sura moja katika ukumbi uliojaa watu, na wapelelezi wa baadaye waliitilia shaka kubwa. Kumbukumbu ya shahidi aliyekwisha kuona picha ya aliyepotea ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa, maana picha huingia katika kumbukumbu na kukaa mahali pa sura iliyoonekana kweli. Hilo ni jambo lililothibitishwa mara nyingi katika saikolojia ya ushahidi. Kauli ya baa ikiondolewa, mlima unabaki na basi peke yake. Na basi nalo likiondolewa, kinachobaki ni mwanamke aliyetoka nyumbani kwake Sandymount na kukutana, mahali fulani mjini, na mtu fulani. Polisi walipolipandisha jalada lake mwaka 2023 kutoka la mtu aliyepotea hadi la mauaji, na Juni 2025 wakamkamata mwanamume mmoja na kupekua nyumba, upekuzi huo ulifanyika Clondalkin, kitongoji cha magharibi mwa Dublin. Mwanamume huyo aliachiliwa bila kushitakiwa, na hapana mabaki yaliyotangazwa kupatikana, lakini mwelekeo wenyewe unaonyesha jinsi dhana ya mlima ilivyolegea baada ya miaka thelathini.

Wanaobaki ni Dullard na Jacob, na hapa nadharia ya mgeni ina mguu wa kusimamia. Dullard alikuwa amekwenda Dublin kwa shughuli zake, akachelewa basi la mwisho la kumrudisha Callan, kaunti ya Kilkenny, akapanda basi lililomfikisha Naas tu, kisha akaomba lifti hadi Kilcullen, akaomba nyingine hadi Moone. Saa 5:37 usiku alikuwa ndani ya kibanda cha simu cha kijiji hicho akizungumza na rafiki yake, akakatiza mazungumzo, akarudi kwenye mkono wa simu na kusema kwamba gari limesimama, kisha akaagana. Ushahidi wake wote uko katika simu ile. Dereva aliyesimama hakujulikana, na wala haijulikani kama alimshusha salama mbele ya safari na mwingine akampakia. Nadharia za ziada zimekuwepo, mojawapo ikiwa kwamba aligongwa na gari na mwili ukafichwa na dereva mlevi aliyeogopa jela, nayo haina shahidi aliyethibitishwa ila inakumbusha kwamba si kila kifo cha barabarani kinahitaji muuaji mwenye mpango. Jacob, kwa upande wake, alitoweka mchana kweupe, mnamo saa 9 alasiri, akirudi kwa miguu kutoka benki na posta, na mashahidi walimwona akiwa karibu sana na lango la nyumbani kwao. Wawili kati ya sita: hicho ndicho kiwango ambacho ushahidi unaruhusu kwa yule mwindaji wa barabarani, na hata hao wawili wanaweza kuwa wa watu wawili tofauti.

Swali linalobaki ni kwa nini nadharia yenye msingi mwembamba hivyo ilipokewa kwa urahisi. Sehemu ya jibu iko katika Ayalandi ya wakati ule. Talaka iliruhusiwa kwa kura ya maoni ya tarehe 24 Novemba 1995, wiki mbili baada ya Dullard kutoweka, na kwa tofauti ndogo mno ya kura. Sheria pana zaidi ya kumlinda mtu dhidi ya ukatili wa nyumbani ikapitishwa mwaka 1996. Jamii iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kukiri hadharani kinachotendeka ndani ya ndoa na mahusiano ilipata nafuu kubwa kumweka mhalifu barabarani, ndani ya gari lisilojulikana, mbali na meza ya chakula. Shirika la Women's Aid, ambalo limekuwa likiweka kumbukumbu za wanawake waliouawa nchini humo tangu 1996, limeonyesha kwamba katika kesi zilizopata ufumbuzi karibu wanawake tisa kati ya kumi waliuawa na mwanamume waliyemfahamu, na zaidi ya nusu waliuawa na mume au mpenzi, wa sasa au wa zamani. Takwimu hiyo haimtaji mtu yeyote katika kesi hizi sita na haiwezi kutumika kumhukumu jirani, lakini mpelelezi anayeianza kazi yake kwa kudhani mgeni anaanzia pembeni mwa uwezekano.

Sehemu ya pili ya jibu iko katika nadharia iliyoitangulia, ile ya kuondoka kwa hiari. Raia wa Ayalandi waliweza kuvuka bahari kwenda Uingereza bila pasipoti, maelfu walifanya hivyo kila mwaka kutafuta kazi, na baadhi ya wanawake walikwenda kwa mambo ambayo hawakutaka yajulikane nyumbani. Polisi wa kituo kidogo aliyeambiwa kwamba msichana hajarudi alikuwa na sababu ya kusubiri siku mbili tatu, na siku hizo mbili tatu ndizo ambazo eneo la tukio huoshwa na gari huuzwa. Ilipobainika kwamba hawa hawakwenda ng'ambo, mawazo ya umma yaliruka kutoka upande mmoja hadi upande wa pili kabisa, kutoka kwa msichana aliyejiondokea hadi kwa zimwi la mlimani, na uwezekano uliokuwa katikati ukarukwa.

Sheria nayo ina mchango wake. Mahakama zilizorithi sheria za Kiingereza zilikuwa na woga wa muda mrefu wa kumhukumu mtu kwa mauaji bila mwili, woga unaotokana kwa sehemu na kisa cha mji wa Campden huko Uingereza, ambako mwaka 1661 mama na wanawe wawili walinyongwa kwa kumuua mzee ambaye mwaka uliofuata alirudi mjini kwa miguu yake. Woga huo umepungua, na leo mashitaka bila mwili yanawezekana, ila ushahidi wa mazingira lazima uwe mzito. Kwa familia, pengo lilikuwa la namna nyingine: kanuni ya kumhesabu mtu kuwa amefariki baada ya kutosikika kwa miaka saba, ambayo wanasheria wa Kenya wanaikuta katika Sheria ya Ushahidi, haikuwa na utaratibu ulio wazi wa kiraia nchini Ayalandi mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 2019. Jalada la mtu aliyepotea, kwa upande wa polisi, si jina tu. Likipandishwa kuwa la mauaji hufungua mlango wa kuomba hati za upekuzi na kuwashikilia watu kwa mahojiano. La Jacob lilipandishwa mwaka 2018, la Dullard 2020, la McCarrick 2023 na la Pender 2025, yaani baada ya miaka ishirini hadi thelathini. Inafaa kuangalia kwamba yote manne yalipandishwa kila moja kwa wakati wake, kwa mapitio yake, na upekuzi uliofuata ulielekezwa mahali palipochaguliwa kwa taarifa za jalada husika. Kimyakimya, bila kutangaza, polisi wenyewe wamekwisha kuiacha pembetatu.

Kuhusu kupatikana kwa miili, uzoefu wa nchi hiyohiyo unafundisha zaidi ya nadharia yoyote. Sehemu kubwa ya katikati mwa Ayalandi ni vinamasi vya udongo wa mboji, udongo mweusi ulioloa ambao wenyeji huukata kwa matofali, huukausha na kuufanya kuni, na ambao kwa uchachu wake unaweza kuhifadhi ngozi ya binadamu kwa maelfu ya miaka. Tume huru iliyoundwa mwaka 1999 na serikali za Ayalandi na Uingereza kutafuta mabaki ya watu waliouawa na kuzikwa kwa siri na makundi ya wapiganaji imefanikiwa kuwapata walio wengi, na sababu kubwa ni kwamba taarifa inayopelekwa kwake ni siri na haiwezi kutumiwa mahakamani dhidi ya aliyeitoa. Hata hivyo kinamasi cha Bragan, kaunti ya Monaghan, kimechimbwa mara kadhaa kumtafuta kijana mmoja aliyeuawa 1975 bila mafanikio, ingawa habari zilikuwepo. Familia za wanawake sita hazina utaratibu wa aina hiyo, na ni vigumu kuona bunge likiutoa kwa mtu aliyemuua mpenzi wake au abiria wake. Kinachobaki ni bahati, kama ile ya mwaka 2013, ambapo mabaki ya mwanamke aliyetoweka mwaka uliotangulia na kudhaniwa kuwa amejiua yalikutwa katika milima ya Dublin, na siku zilezile kiangazi kikali kikapunguza maji ya bwawa la Vartry mpaka simu na vitu vingine vikaonekana, vikampeleka msanifu mmoja wa majengo gerezani maisha.

Ili nadharia ya muuaji mmoja ithibitishwe au ifutwe, hauhitajiki ugunduzi wa wote sita. Mwili mmoja, popote utakapopatikana, utatoa mahali, namna ya kuficha, na huenda vinasaba vya kuingizwa katika hifadhi ya taifa iliyoanza kufanya kazi mwaka 2015. Hapo kwa mara ya kwanza kutakuwa na kitu cha kulinganishwa, na majalada matano yatakayobaki yataweza kuulizwa swali ambalo Operesheni Trace iliyauliza kabla hayajawa na uwezo wa kulijibu.